Siku Niliyovuliwa Joho Mbele ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, kuna aibu za kumwambia mtu na kuna aibu za kwenda nazo kaburini, na hii yangu ilikuwa ya kwenda nayo kaburini kabisa, ila bahati mbaya ilitokea mbele ya ukumbi mzima, na huku Migosi, mtaa wa Kisumu ninakokaa, kila mtu anaisimulia kivyake na kutia chumvi (eti nilikuwa uchi wa mnyama, jambo ambalo si kweli, nilikuwa na kaptula), kwa hiyo nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, mcheke mara moja, tumalizane.

Mimi ni mwalimu wa kuchora katika shule moja ndogo ya sanaa, iko upande wa kwenda Kisian, na jina lake naomba nisilitaje kwa sababu bado wananilipa mshahara. Mwaka huo wakubwa waliamua kwamba shule itatoa shahada za heshima kwa wasanii wa huku kwetu, yaani watu ambao hawakuwahi kukalia dawati la chuo lakini kazi ya mikono yao inajulikana ziwa zima. Wakachaguliwa watatu. Wa kwanza ni mzee mmoja mpiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Wa pili ni mzee anayezipaka mashua rangi na kuziandika majina ufuoni. Wa tatu ni mama mfinyanzi wa vyungu kutoka Bondo, anaitwa Mama Perpetua Aoko, na huyo Mama Perpetua ndiye aliyemzaa Akinyi, na Akinyi ni mke wangu.

Sasa, asiyekuwa Mjaluo inabidi nimweleze kidogo. Mama mkwe kwetu anaitwa maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, hukai naye meza moja, hucheki naye ovyo, mkikutana njiani wewe ndiye unayepanda kwenye majani apite. Na mambo ya nguo, yaani maro akuone huna shati, au yeye umwone hana kitambaa kichwani, hayo hata usiyafikirie. Mimi nilikuwa nimeishika hiyo heshima vizuri sana, kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemwona mama mkwe kwa mbali tu, kama mtu anayetazama mlima.

Lakini kulikuwa na shida. Mama hakuwahi kukanyaga nyumba yetu. Akinyi hakuwa mtu wa kulalamika, ila kila akinunua kikombe kizuri alikiweka juu ya kabati na kusema, "Hiki ni cha mama," na mimi nikitaka kukinywea chai ananinyang'anya, hata vikombe vikajaa kule juu vinapigwa na vumbi na mama mwenyewe hajaja. Basi habari ya shahada ilipotoka, Akinyi akaona nafasi ndiyo hii, mama atakuwa Kisumu, ametunukiwa, amefurahi, akitoka ukumbini aje moja kwa moja nyumbani ale. Akampigia simu. Alipomaliza kuongea akaja kuketi kando yangu.

"Mama anakuja sherehe," akaniambia. "Lakini hapa nyumbani hakuji. Anasema hajaitwa."

"Si wewe umemwita sasa hivi?"

"Anasema hayo ni maneno yangu. Anataka yatoke kwa mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba atayatoaje na haruhusiwi kuongea na yeye ana kwa ana?"

"Omondi, hiyo mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwalimu."

Mzee aliyekuwa akitupelekea maneno wakati wa mambo ya ndoa alikuwa amehamia Mwanza kwa binti yake, na simu yake hailii hata ukiipiga kutwa. Nikafikiria nikachoka. Tena, niwaambie ukweli, nilikuwa namwogopa mama. Siku za uchumba wetu alimuuliza Akinyi swali moja ambalo limenikaa kama mwiba: "Huyo mtu wako, akishachora, halafu anafanya kazi gani?" (Na yeye mwenyewe amesomesha watoto kwa udongo!) Kwa hiyo nikajiambia, siku ya sherehe mama ataniona nikiwa mtu mkubwa jukwaani, roho yake italainika, na mwaliko utajipa wenyewe. Mnaona jinsi mtu anavyojichimbia shimo.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa majoho. Yalishonwa majoho mekundu manne, matatu ya wazee wetu na moja la ziada, maana fundi alisema rangi ile huruka na ni vizuri kuwa na la akiba. Sisi walimu tulipewa meusi. Asubuhi nilikuwa nimepanda ngazi namalizia kuandika bango kubwa la nyuma ya jukwaa, SHAHADA ZA HESHIMA KWA WASANII WETU, nimevaa kaptula yangu ya kazi, suruali nzuri iliyopigwa pasi nimeitundika ofisini ng'ambo ya uwanja. Kaptula yenyewe ina historia yake. Kuna jirani aliniagiza bango la kitambaa la kumpokea ndugu yake anayerudi kutoka ng'ambo, ndugu akafika Nairobi akakaa huko huko mpaka leo, bango likanibakia, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito kizuri nikampelekea fundi wa soko la Kibuye akanishonea kaptula. Fundi hapendi kupoteza kitambaa, herufi nyekundu zikaangukia nyuma, mahali ambapo mwenyewe huwezi kujisomea, na mimi nikazisahau kabisa.

Jua la Kisumu mnalijua. Nilipoteremka ngazi jasho lilikuwa linatiririka, na nje nikasikia wageni wanaanza kujipanga. Suruali iko kule ofisini, joho liko hapa mkononi. Nikalitazama lile jeusi, nikalitazama lile jekundu la ziada, nikasema moyoni, mama akiniona katika jekundu hatauliza tena nafanya kazi gani. Halafu nikasema, na joho lenyewe linafika kwenye viatu, lina zipu mbele kutoka kooni mpaka chini, sasa suruali ya nini katika joto hili? Nani atajua? (Ndugu zangu, mkisikia moyo wenu unauliza "nani atajua," kimbieni.) Nikavaa jekundu juu ya kaptula. Upepo ukapita kwa chini, nikajisikia mfalme.

Wakati mimi nahangaika nje kupanga vyungu vya maonyesho, mgeni rasmi akafika. Alikuwa profesa mmoja mzee kutoka Mombasa, mtu mpole sana, na sanduku lake lenye joho lilikuwa limepotelea kwenye ndege. Mkuu wetu wa shule, Madam Wangari, ni mtu wa Nyeri, alikuwa hajamaliza hata muhula mmoja huku kwetu, na ni mwanamke wa vitendo, hakukaa kujadili. Alichukua joho moja jekundu pale mezani akamvisha profesa. Mimi hakuna aliyeniambia. Pia Madam hakujua kwamba Mama Perpetua ni mkwe wangu, kwa sababu nilinyamaza tangu kamati ilipolitaja jina, nikiogopa watasema kuna upendeleo.

Sherehe ikaanza vizuri mno. Mama aliingia na kina mama wenzake wafinyanzi, wamevaa sare za kitenge, wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitika, wakaketi mstari wa mbele. Akinyi alikuwa pembeni yao, macho yanang'aa. Nikaona mama ananitupia jicho kwa mbali, jicho la haraka, akalishusha. Nikainua kidevu. Mpiga orutu akaitwa, nikamkabidhi Madam joho, akamvisha, watu wakashangilia. Yule mzee wa kupaka mashua rangi akaitwa, nikakabidhi joho, akavishwa, akalia machozi mzee wa watu. Ndipo likasomwa jina la Mama Perpetua Aoko, naye akapanda jukwaani polepole, macho chini, akasimama umbali wa heshima kutoka kwangu. Nikanyoosha mkono mezani kuchukua joho la tatu. Meza ilikuwa tupu.

Madam alikuwa na kile kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na alikuwa amekisahau, kwa hiyo alichoninong'oneza kilisikika mpaka kwa walinzi getini.

"Mwalimu Omondi, joho la mama liko wapi?"

"Madam, silioni."

"Si hilo umevaa?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa.

"Madam, hili siwezi kulivua."

"Kwa nini?"

"Nina... nina homa."

"Homa! Na tangu asubuhi uko juu ya ngazi? Vua, bwana, mama amesimama!"

Nikasogea karibu nikanong'ona (kumbe nanong'onea kipaza sauti), "Madam, tafadhali, huyu ni maro wangu."

"Maro ndiye nani? Hapa kwa programu hakuna Maro. Hapa imeandikwa Perpetua Aoko."

Hapo ukumbi haukucheka tena. Watu wa kwetu walisikia lile neno, wakasikia na mtu anaombwa kuvua nguo, wakashika vinywa. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Uwi! Yaye, huyu mama anafanya nini?" Lakini Madam aliona tu mwalimu mkaidi anayemharibia sherehe, akanikamata kola kwa mkono mmoja, zipu kwa mkono wa pili. Ile zipu asubuhi ilikuwa imenisumbua kupanda mpaka nikaipaka sabuni. Kuteremka haikusumbua hata kidogo. Iliteremka vruuup mpaka chini, joho likaniponyoka mabegani, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya profesa wa Mombasa, mkuu wa shule, na mama mzazi wa mke wangu, katika singleti na kaptula, magoti yamepakwa rangi ya bluu.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba afadhali mama aone mgongo kuliko uso. Nikamgeuzia mgongo. Basi uso nikaupeleka kwa watu.

Na mama, kwa sababu ni mtu wa adabu, alivuta leso ya mabegani akajifunika uso, akageukia ukuta. Wale kina mama wenzake walipoona amegeuka, nao wakainuka mstari mzima wakageuka. Wazee wa nyuma yao wakaona jambo limekuwa kubwa, wakasimama, wakageuka. Vijana wakacheka kwanza, halafu wakapigwa makofi ya kisogo na wazazi, wakageuka. Kwa muda mfupi tu ukumbi mzima ulikuwa migongo mitupu, na nyuso zilizobaki kunitazama zilikuwa za Madam na mgeni rasmi. Profesa akamwinamia Madam kwa ule upole wao wa pwani, akamuuliza, "Samahani, bibie, ndiyo mila ya hapa wakati wa kuvishwa?" Madam, ambaye sasa alikuwa amepotea kabisa, akajibu, "Ndiyo, Profesa." Basi Profesa naye akainuka, akajishika joho vizuri, akageuka, akautazama ukuta kwa adabu kubwa.

Aliyeniokoa ni Akinyi. Alipanda jukwaani, akaliokota joho, akamsogelea mama yake kwa nyuma, na mama akanyoosha mikono bila kugeuka, akavishwa na binti yake. Akinyi alipokuwa akinipita aliniambia neno moja tu, "Potea." Nikapotea. Mahali pa karibu palikuwa nyuma ya bango langu, nikajibana huko, nikasikia Madam anamtunuku mama shahada, na vigelegele, na orutu ikalizwa. Nilichosahau ni kwamba bango nililitundika juu kidogo lisifagie vumbi. Picha ipo mpaka leo kwenye simu za watu wa Migosi. Juu imeandikwa SHAHADA ZA HESHIMA, na chini kabisa ya neno HESHIMA, inaonekana miguu miwili ya bluu.

Nilikaa huko mpaka ukumbi ukaisha watu, nikaifuata suruali yangu ofisini (ilikuwa bado imenyooka vizuri, nilitamani kuichana), nikaivaa, kaptula nikaitia kwenye mfuko, nikapita njia za nyuma mpaka nyumbani. Nilimkuta Akinyi amekaa mezani. Kuku alikuwa tayari, samaki tayari, ugali umefunikwa, na vikombe vyote vya kabatini ameviteremsha, ameviosha, amevipanga. Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningeshukuru.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Amepanda gari na wenzake. Hakusema kitu, Omondi. Hata mimi hakuniaga."

Akaanza kuvirudisha vikombe juu ya kabati, kimoja kimoja, na mimi nikasimama pale natazama, na niwaambie, kuvuliwa joho hakukuniuma kama vile vikombe. Nilijua hiyo nyumba mama hataiona tena. Ungemlaumu? Mtu amekaa miaka anasubiri mkwe amwite kwa heshima, mkwe akamwonyesha kaptula. Nikaingia chumbani nikaketi kitandani, nikaanza kufikiria kama kuna shule za sanaa Turkana.

Ndipo nikasikia vigelegele getini.

Nikachungulia kwa pazia. Mama Perpetua alikuwa amesimama mlangoni kwetu, bado amevaa joho jekundu na kofia yake ya shahada, jasho linamtoka na hana habari nalo, nyuma yake wale kina mama wamebeba kapu la dagaa wa omena, ndizi, na chungu kipya kikubwa. Kumbe walikuwa wamekwenda sokoni, maana mama haingii nyumba ya binti mara ya kwanza mikono mitupu. Nikaruka nyuma ya mlango wa chumbani nikatega sikio.

"Mama," nikamsikia Akinyi. "Si ulisema huji bila kuitwa?"

"Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba. Mwambie, popote alipojificha, mimi nimeona mwito wake." Hakuniita kwa jina, aliongea na binti yake, lakini alipaza sauti ili chumbani ifike. "Wengine huitwa na mzee mmoja mlevi, anakuja anasahau maneno njiani. Mimi nimeitwa mbele ya profesa. Tena kwa maandishi makubwa mekundu. Mwambie ameandika vizuri, herufi zimesimama. Sasa najua ni kazi."

Wale kina mama wakaanguka kicheko. Mimi sikuelewa. Nikaivuta kaptula kwenye mfuko, nikaitandaza kitandani, nikaigeuza nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu ishonwe nikaisoma. Upande wa kushoto wa makalio, KARIBU. Upande wa kulia, NYUMBANI.

Mama aliingia. Alikula kuku, akala samaki, akanywa chai katika kikombe kimoja akaomba na cha pili ajaribu, mimi nikala chumbani peke yangu kwa furaha na aibu mpaka sijui nilikula nini. Ukutani ametuachia picha akiwa na joho lake, na chungu kile ndicho tunachonywea maji. Siku hizi huja hata bila kuitwa.

Mambo mawili nimebaki nayo. La kwanza, nimeapa, na Akinyi ni shahidi, kwamba katika maisha yangu sitavaa tena joho, aproni, koti la mvua, wala blanketi bila suruali ndani, suruali yenye mkanda, isiyo na neno lolote lililoandikwa popote. Madam Wangari akiniona huziba mdomo kwa mkono, na mimi humwamkia tu na kupita.

La pili ni swali. Akinyi ndiye aliyemuuliza, wanaosha vyombo, mimi niko nje naanika nguo na dirisha liko wazi.

"Lakini mama, si siku ile ulijifunika leso usoni na ukageukia ukuta? Sasa ulisoma saa ngapi?"

Nikasikia sufuria inasuguliwa.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "ile leso ilikuwa ya zamani. Ina matundu."